Fonti ya Watu Watatu

Haya, kaeni. We wa mlangoni, kaa chini, unatuzibia mwanga. Simu mfukoni, masikio huku.

Pale Tanga, mitaa ya Ngamiani, kulikuwa na steshenari moja yenye watu watatu. Salha alikuwa na mkono. Kibwana alikuwa na kompyuta. Mwantumu alikuwa na jicho la kuona kinachopendeza.

Salha ndiye aliyeandika majina ya waalikwa kwenye kadi za harusi. Mwandiko wake ulijikunja kama moshi wa udi. Kuna watu harusini hawaendi, lakini kadi wanaitunza kabatini. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala. Yakabaki makaratasi yake tu.

Kibwana akayachukua, akayapiga skani, akaanza kuzichora upya herufi moja moja kwenye kompyuta mpaka macho yakawa mekundu. Kila herufi peke yake ilipendeza, ila ukiziweka pamoja zinapeana mgongo kama mawifi waliogombana. Akazifunga mkia kwa mkia. Q na X Salha hakuwahi kuziandika, hakuna mwalikwa aliyezihitaji, basi Kibwana akazitunga mwenyewe. Fonti ikakamilika: ukibonyeza kibodi, unatoka mwandiko wa Salha.

Hakuna aliyeitaka. Na kosa lilikuwa lake: aliibandika kwenye bango la bucha, tena herufi kubwa tupu. Watu wakaingia wakiulizia marashi.

"Umemvika ng'ombe shela, Kibwana!" Mwantumu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwandiko huu unataka nafasi. Lete huku."

Akauweka kwenye kadi nyeupe: majina mawili ya maharusi, basi. Ukumbi na saa akaviandika kwa herufi za kawaida. Akaupeleka kwenye chupa za manukato, akaupeleka kwenye keki. Mji ukaanza kuulizana, ule mwandiko wa nani?

Hapo ndipo wakaamua kuiachia fonti mtandaoni, kila mtu aitumie. Mtandao ukataka jina moja. Na fonti ikishasambaa kwenye kompyuta za watu, jina halirudi nyuma.

"Tuunganishe yote matatu," Kibwana akasema.

"Salhakibwanamwantumu? Hilo jina la basi la mkoani!" Mwantumu akadakia.

Salha hakucheka. "Mkono ule ulikuwa wangu," akasema polepole. "Na sina mwingine."

"Da Salha, bila mimi yale makaratasi si yangeliwa na mchwa?"

"Na bila mimi," Mwantumu akamgeukia Kibwana, "wewe ungekuwa bado uko buchani."

 Kibwana alitaka jina liwe lake, alitaka kweli. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyedanganya. Kisanduku cha jina kilikuwa wazi kwenye kioo, vidole vyake juu ya kibodi, na wenzake wawili wamesimama nyuma ya kiti, hawapumui.

Mimi nakomea hapo. Haya, wewe unayejifanya mjuaji: ungekuwa umekaa kwenye kiti kile, ungeandika jina la nani?