Seremala na Ree ya Kopa

Kitanda hakina huruma. Kilichoingia chini yake hakitoki kwa kuitwa wala kwa kukemewa. Anayekitaka hupiga magoti na kugusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Ujuzi nao ndivyo ulivyo, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini wako watu ambao shingo zao zimekataa katakata kupinda. Mmoja wao alikuwa seremala mmoja mzee, mgane.

Mzee huyu alihamia kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Binti alikuwa ameolewa na dobi, kijana mpole wa maneno machache, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pa kupigia pasi. Katika mji ule mgeni, seremala hakuwa na mtu wa kumjulia hali. Kutwa alizunguka akikagua milango ya watu na kuisuta kimoyomoyo. Upweke ulimla kama mchwa anavyokula mbao, kutoka ndani.

Jumamosi alasiri, wateja wakishachukua nguo zao, dobi alifuta meza ya pasi akatoa karata na kopo la vifungo vilivyokatika kwenye mashati. Vifungo ndivyo vilivyokuwa dau. Walicheza yeye, mkewe na jirani yao mshona nguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Siku seremala alipokaribishwa, moyo wake ulichanua. Alikuwa amepata watu.

"Baba, mchezo huu unaujua, au nikuelekeze kidogo?" dobi alimuuliza kwa adabu.

"Karata nimeziona kabla hujazaliwa," seremala alijibu. "Wewe gawa."

Ukweli ni kwamba alichowahi kukiona ni mchezo wa karata mbili mkononi na tano za wote mezani, tena alikiona kwa kupita tu, vijana wa karakana yake walipokuwa mapumzikoni. Huu wa dobi ulikuwa ndugu yake: mezani ni tano zilezile za wote, lakini kila mchezaji hupewa nne. Seremala alipoziona nne alishtuka, kisha akajikaza kisabuni. Mtu aliyefundisha nusu ya maseremala wa kwao afundishwe na kijana aliyemwoa binti yake? Basi akawa mtu wa kuiga. Dobi akitupa karata, naye hutupa. Mama Sindano akiongeza vifungo, naye hukohoa na kukunja uso kama anayepiga hesabu nzito. Mwisho wa kila mchezo dobi ndiye aliyemsomea karata zake, kwa upole, na mzee alidhani hiyo ni heshima inayomstahili.

Jumamosi moja alipewa ree ya kopa. Mezani zikafunuliwa kopa, moja baada ya nyingine, hata zikafika nne. Damu ilimchemka. Nne za mezani na ree yake ni kopa tano; tano za aina moja ni ushindi mkubwa, na hakuna kopa iliyo kubwa kuliko ree. Akasukuma vifungo vyake vyote katikati ya meza. Dobi na mkewe walitupa karata zao. Mama Sindano alisukuma vyake, kisha akafunua tatu na sita za kopa.

Seremala alicheka. Aliishindilia ree yake mezani kama anayepigilia msumari, akanyoosha mikono kuvikumba vifungo.

"Samahani, Fundi," alisema Mama Sindano. "Hivyo ni vyangu."

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. "Kumbe mnanilia njama," alifoka. "Mama mzima unaiba vifungo. Na wewe, mkwe, umeniita mezani kwako mpate kunicheka. Binti yangu nilimwoza tapeli."

Binti yake aligeukia ukutani akafuta machozi.

"Baba," dobi alisema kwa sauti ya chini, "katika mchezo huu mtu hutumia mbili za mkononi mwake, si pungufu wala zaidi, na tatu za mezani. Wewe una kopa moja tu. Mama anazo mbili."

Seremala alizitazama karata zake. Ree ya kopa, na nyingine tatu nyeusi tupu. Alielewa papo hapo, kama fundi anavyoelewa kwamba amekata ubao mfupi, na ubao ukishakatwa haurefuki. Uso ulimwiva. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki nzima alikula chumbani mwake. Jumamosi ilipofika alifunga begi. Heri ukiwa wa nyumba tupu aliyoiacha kuliko macho ya mkwe wake. Kwa bahati mbaya nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulipitia chumba cha pasi. Aliwakuta wote watatu wamekaa, karata hazijagawiwa, kiti chake kitupu. Begi lilimlemea mkononi.

"Mama, nisamehe," alisema, macho sakafuni. "Mkwe wangu, nimekutukana ndani ya nyumba yako kwa sababu sikuujua mchezo. Sikuujua tangu siku ya kwanza."

"Tulijua, Fundi," Mama Sindano alisema. "Mkweo ndiye aliyetusihi tusikuumbue. Alisema utauliza mwenyewe ukiwa tayari."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Kumbe siku zote zile alizojiona mkubwa anayeheshimiwa, alikuwa akisitiriwa, na aliyemsitiri ndiye aliyemwita tapeli. Machozi yalimtoka mbele ya mkwe wake, na hakuwa na pa kuyaficha. Akaliweka begi chini, akasogeza kiti karibu na dobi.

"Nifundishe, mwanangu," alisema. "Anza mwanzo kabisa, kama unavyomfundisha mtoto."

Dobi alimgawia karata nne, akazilaza wazi. "Chagua mbili, Baba."

Mzee aliziinamia karata. Alichagua vibaya, akasahihishwa mbele ya watu wote, akachagua tena. Aibu haikumtoka siku ile wala ya pili yake, ila begi lilirudi chumbani na kiti kikabaki kuwa chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.