Wimbo wa Bi Mwantumu na Waya wa Njia Mbili

Haya, sogeeni, na mwenye simu aizime, maana sirudii. Nawapa kesi, na imenishinda mimi mwenyewe, kwa hiyo mwishoni msinikodolee macho kana kwamba nimeficha jibu mfukoni.

Kulikuwa na watu watatu katika kikundi cha taarabu huko Ngamiani, Tanga. Hiza, mpiga dumbaki, alikuwa fundi redio. Kitu kilichokufa akikigusa kinaamka. Shekue, mpiga kinanda, alikuwa na sikio. Alijua feni ya jirani imebadilisha mwendo kabla jirani mwenyewe hajajua. Mwanamvua, mpiga fidla, alikuwa na subira, ile ya kukaa foleni ya maji bila kusonya. Na wote watatu, maana kila mmoja alikuwa anaimba pia, walikuwa wanautaka wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Bi Mwantumu, mwimbaji wao. Katika kikundi kile wimbo una mwenyewe. Uliyetungiwa ndiye unayeuimba. Mwingine haugusi, hata wenye harusi waombe vipi, mpaka wewe useme mbele ya wenzako kwamba sasa ni wa fulani. Na fulani ni mmoja tu. Usiposema, unaondoka nao. Sasa Bi Mwantumu aliota uvimbe kooni, ikabaki siku moja apasuliwe, na daktari alimwambia waziwazi kwamba huenda asiimbe tena. "Ukitaka kuaga, imba mara moja tu, mama. Ukirudia unajiumiza."

Basi akawaita nyumbani kwake. "Nataka sauti yangu ibaki," akasema. "Atakayeniwezesha, wimbo ni wake."

Ah! Hapo ndipo alipojitafutia balaa.

Maiki ilikuwa moja. Sauti ilitakiwa iende kwenye spika kubwa za mazoezi pale sebuleni, maana bila spika ingembidi apige kelele, na koo lile lisingestahimili. Tena ilitakiwa iende chumbani, kwenye mashine ya kurekodi ya Shekue, ikiwa safi, kabla spika hazijaichanganya na mwangwi wa nyumba. Maiki moja, njia mbili. Ungedhani ni jambo dogo.

Wapi! Kila mmoja alikuja na waya wake wa kugawa njia, kimya kimya, ili sifa ziwe zake. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali wa kwake uachwe, wakaunganisha nyaya zote tatu, mmoja nyuma ya mwingine. Sauti ikagawanywa, ikagawanywa tena, na tena, ikafika chumbani kama mtu anayenong'ona chini ya godoro.

"Hallo, hallo," Hiza akasema kwenye maiki.

"Sisikii kitu!" Shekue akajibu kutoka chumbani.

"Utasikiaje, na huo waya wako wa mapambo?"

"Wangu? Wangu ndio mzima peke yake hapa!"

Bi Mwantumu alikaa kitini, kimya kwa amri ya daktari. Ana wimbo mmoja tu uliobaki maishani, na hawa wanagombania plagi! Alasiri ikawa inakwisha. Mwishowe akaisahau ile amri. "Lahaula! Mnanigawa sauti kama mnagawa ubwabwa wa hitima! Ng'oeni vyote!" Ilimtoka na mkwaruzo, akalishika koo lake. Watatu wale wakaingiwa na hofu.

Hiza ndiye aliyeanza kujirudi. Alikata nyaya zote, hata wa kwake, akang'oa transfoma ndogo kwenye redio yake aliyoipenda, akaunda kisanduku: tundu moja la kuingilia, mawili ya kutokea. Sauti ikafika sebuleni na chumbani ikiwa na nguvu zake. Bila Hiza isingefika.

Ilifika, lakini na mngurumo. Vuuuum, bila kukoma. Shekue akasimama mlangoni, akafumba macho, akasikiliza. "Mashine inavuta umeme chumbani, spika zinavuta sebuleni," akasema. "Zinagombana kupitia waya wetu." Akavuta waya wa umeme, akachomeka vyote kwenye soketi moja. Mngurumo ukafa. Bila Shekue, ungeumeza wimbo mzima.

Bi Mwantumu akaanza kuimba, watatu wale wakimpigia. Hajamaliza ubeti wa kwanza, plagi ya maiki ikalegea kwenye kisanduku: kwaru, kwaru. Mwanamvua akaiweka fidla chini, akapiga magoti, akaishikilia plagi kwa mikono miwili mpaka mwisho. Miguu ikaingia ganzi. Pale fidla inapopiga peke yake, pale alipopafanyia mazoezi tangu usichana wake, pakapita kimya. Bila Mwanamvua, sauti ingekatika katikati, na kurudia hakuna.

Wimbo ulipokwisha, wote watatu wakakimbilia chumbani kwenye mashine.

"Kisanduku changu hicho!"

"Kisanduku kilichokuwa kinanguruma?"

"Na mimi niliyepiga magoti, nilikuwa natafuta sindano iliyoanguka?"

Bi Mwantumu akabaki sebuleni peke yake, anajifuta jasho kwa kanga. Akasikia sauti yake mwenyewe inatoka chumbani, safi, nzima, haina hata mkwaruzo wa koo. Hakuna aliyerudi kumuuliza koo linaendeleaje. Akalia, kwa furaha na kwa hasira, hata yeye hakujua kipi kilizidi.

Wakatoka mbio. "Bi Mwantumu, sema basi. Wa nani?"

Akafungua kinywa, pakatoka pumzi tu. Akawafukuza kwa mkono.

Asubuhi wakamkuta hospitali, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Akawaita kwa kidole. Wakainama, vichwa vitatu vinasukumana hata pale, jamani, hata pale!

"Mama, kama una la kusema, sema," nesi akamhimiza. "Neno moja, tunaingia."

Bi Mwantumu akamtazama Hiza, akamtazama Shekue, akamtazama Mwanamvua. Akavuta pumzi.

Haya, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe ndiye uliyelala pale, na pumzi ya jina moja tu, ungelitaja la nani? Au ungefumba mdomo, ukaingia na wimbo wako?