Sahani Isiyooshwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani palikuwa na mja mwema akiitwa Maalim Shaibu, mwandishi wa makombe. Wagonjwa walipomjia, aliwaandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe; kisha maandishi yakaoshwa kwa maji ya mawaridi, na mgonjwa akayanywa. Naye hakuacha kuwaambia, "Shifa ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi natia wino tu."

Alipofariki, mkewe, Bi Mwanatumu, akakaa eda. Siku moja akatamani kuuona mwandiko wa mumewe. Akapekua makasha, akapekua mvunguni. Lo! Hata herufi moja hakuna. Miaka arubaini mtu ameandika, na yote yamenywewa! Bibi wa watu akalia upya, kana kwamba amefiwa mara ya pili.

Akaishika kalamu ya mwanzi aliyoiacha marehemu. Kusoma alijua, kuandika hakuwahi. Akajaribu kukumbuka: alif yake ilisimamaje, mkia wa wau aliukunja vipi. Eda ikaisha, yeye asiache. Kila baada ya Alasiri aliketi na sahani yake, akaandika, akaosha, akaandika tena. Mwanzo alikuwa akimtafuta mume. Siku zilivyokwenda akajikuta anazipenda herufi zenyewe, namna kalamu ikiinamishwa hutoa mstari mnene, ikiinuliwa hutoa mwembamba. Watu wakaanza kumjia kutaka makombe, naye akawaandikia. Lakini moyo ulibaki na kiu ile ile.

Mwaka wa tatu, alasiri moja, herufi zikatoka zimetulia, na mkia wa wau ukajikunja kama alivyoukunja Shaibu. Au ndivyo alivyodhani, maana ushahidi angeutoa wapi? Akaitazama sahani mpaka machozi yakamlengalenga. "Hii haioshwi," akasema.

Hajakaa sawa, hodi! Ni Saada, jirani yake.

"Shoga, mama hali yake si nzuri. Tangu asubuhi anataka kombe."

Bi Mwanatumu akaifunika sahani kwa kawa. "Zafarani imeniishia, mwenzangu. Sina kombe."

Zafarani kweli ilikwisha. La pili ndilo uongo. Na ninyi mnaonisikiliza msijione wema sana. Nani kati yetu hajawahi kuupitisha uongo mgongoni mwa ukweli?

Akasali Magharibi asijue amesoma nini. Hakungoja Isha. Akajitanda, akaibeba sahani kwa mikono miwili hadi kwa jirani.

"Saada, nilikudanganya. Kombe lilikuwapo. Nimelificha kwa kumtamani mume wangu."

Saada akasema, "Na mama yangu je, shoga? Huyu bado yu hai."

Neno lile lilimchoma. Akaomba radhi, akaingia ndani.

Mama yake Saada, Bibi Mize, alikuwa akinywa makombe ya Maalim tangu ujana wake. Alipoinuliwa kitandani, akaisogeza sahani kwenye taa, akaikagua kwa jicho lake moja lililobaki zima.

"Mbona huu mkono wa Shaibu?" akasema. "Amekuja lini?"

Bi Mwanatumu akayamimina mwenyewe maji ya mawaridi, na herufi zikalegea moja moja, zikawa maji ya manjano. Bibi Mize akanywa hadi tone la mwisho, akasema, "Alhamdulillahi," akalala.

Je, alipona? Wapokezi wamekhitalifiana. Wengine wanasema aliishi miaka, wengine kwamba aliondoka wiki ile ile. Ajuaye ni Mola, na shifa ni Yake. Ninalojua mimi ni hili, enyi ndugu zangu: lau sahani ile ingebaki chini ya kawa, mjane yule angeingia kaburini bila kiumbe hata mmoja kumwambia kwamba mumewe alikuwa amerudi mkononi mwake.