Mkono wa Chini wa Upinde

Hii imenifikia kwenye simu kutoka kwa mtu ambaye naye alitumiwa. Naipitisha kama ilivyo.

Palikuwa na mkulima aitwaye Nkwabi. Yeye na mdogo wake Ndaki walirithi kwa baba yao shamba moja la mihogo, refu, lililoanzia barabarani likaishia porini. Mwaka mmoja nguruwe pori waliliandama. Kila alfajiri na kila magharibi walitoka vichakani wakafukua mihogo kama watu waliopewa kibarua.

Nkwabi akaamua kutengeneza upinde, na si upinde wa kawaida. Aliwahi kuona wawindaji wapita njia wenye pinde ambazo ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, na mishale yao ilikwenda mbali ajabu. Akamwambia Ndaki alinde shamba wakati yeye akishughulika na kazi hiyo. Ndaki akakubali.

Nkwabi alikata mti wa mkole, akaukausha, akauchonga kwa tezo. Ncha alizilainisha kwa mvuke wa chungu, akazikunja na kuzifunga kwenye gogo mpaka zikashika umbo. Lakini alipoutia kamba na kuuvuta, mkono wa chini, yaani upande ulio chini ya kishikio, ulipinda kupita kiasi. Akaona mkono huo ni dhaifu. Akauzungushia kano za ng'ombe, akaupaka gundi ya ngozi. Alipouvuta tena, ukakatika pale kano zilipoishia, na kipande cha mti kikampasua shavu.

Akatengeneza wa pili. Ukaja na kosa lilelile.

Miezi miwili ilikuwa imepita. Siku aliyokwenda kulitazama shamba, alikuta nusu ya mihogo haipo. Akawaita wazee wa ukoo, akawaeleza kwamba Ndaki ni mzembe, ameshindwa na kazi ya kulinda tu, basi atafute pengine pa kulima. Wazee walimuuliza Ndaki kama ana la kusema. Alisema tu kwamba shamba ni refu. Kwa kuwa Nkwabi ndiye mkubwa, neno lake likapita, na Ndaki akapewa siku saba.

Siku ya saba asubuhi, Nkwabi aliuchukua ule upinde wa pili akaenda kwa Bibi Nyanzobe, mjane wa fundi wa pinde. Watu walimsifu marehemu mumewe, ila majirani walijua kwamba hakuna upinde uliotoka katika nyumba ile bila bibi huyo kuumalizia kwa mkono wake. Nkwabi alitaka kumuomba kano ngumu zaidi.

Bibi Nyanzobe alimwambia auvute polepole, naye akasimama kando akitazama. Akamwambia arudie tena, na tena. Kisha akamuuliza anaona kosa gani.

"Mkono wa chini ni dhaifu," alisema Nkwabi. "Wa kwanza ulikatika mkono huohuo. Nataka kuuongezea nguvu."

"Si dhaifu. Unapinda peke yake. Hebu tazama wa juu. Umekaa tu, haujafanya kazi tangu uuchonge. Hata ule wa kwanza uliuvunja hivyohivyo."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Wa chini usiuguse. Kwangua wa juu, kidogo kidogo, mpaka nao ukubali kupinda."

Akamuonya kwamba upinde utapungua nguvu, maana mti ukishakwanguliwa haurudi. Nkwabi akaketi uani kwa yule bibi na kisu chake, akikwangua, akivuta, akitazama. Kufikia alasiri mikono yote miwili ilipinda sawa. Mshale haukufika mbali kama alivyotamani, lakini ulikwenda moja kwa moja, na mti haukulia.

Alishukuru akaondoka, lakini njiani furaha ilimkauka. Shamba lina pande mbili. Kwa miezi miwili Ndaki alikuwa akikimbia peke yake. Akiwafukuza nguruwe upande wa barabarani, wanaingia upande wa porini. Nkwabi akajaribu kukumbuka hata alfajiri moja aliyosimama upande ule wa pili. Hakuipata.

Alipofika nyumbani, Ndaki na mkewe walikuwa wakifunga mikeka, na wazee wawili wamekaa kushuhudia. Wote walidhani amekuja kuwaharakisha. Yeye akauweka upinde miguuni pa mdogo wake, akawageukia wazee.

"Niliwaambia katika shamba hili kuna mzembe. Hilo ni kweli. Ila nilikosea jina."

Wazee wakatazamana. Ndaki alikuwa ameumia, na maneno mawili hayaponyi aibu ya siku saba. Mwishowe aliuokota upinde, akaupima mkononi, akamuuliza kaka yake atasimama upande gani.

"Wa porini," alisema Nkwabi.

Alfajiri iliyofuata kila mmoja alikuwa upande wake. Nguruwe walikuta mtu huku na mtu kule, wakarudi walikotoka. Mihogo iliyobaki ilikuwa michache, lakini iliwafikisha msimu mwingine, na mikeka ya Ndaki ikafunguliwa.

Funzo: Ukiona mtu ameelemewa, usikimbilie kumwita dhaifu, tafuta kwanza ni nani aliyeacha kubeba upande wake, na utafutaji huo uuanze kwako mwenyewe.