Jina Moja kwa Pipa la Mbege

Sikilizeni nyote, mnaokunywa na msiokunywa.

Kijijini Mrawi, kwenye migomba, Bibi Ndeanasia alipika mbege, pombe chungu ya ndizi na ulezi iliyowatoa watu kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Alipofariki aliacha jiko la pombe, chumba kimoja nyuma yake, na watu watatu. Manka, bintiye, alikuwa na ulimi: tone moja lilimtosha kujua kilichopungua. Kundaeli, mwanawe, alikuwa na subira ya moto. Aikande, mjane wa mwanawe mwingine, alikuwa na mkono wa kuotesha ulezi. Na ulezi usioota haufanyi pombe, unafanya uji.

Katika chumba kile alilala Aikande. Baba mdogo wa ukoo alimwambia kwa upole wa kutisha, "Mkamwana, chumba ni cha jiko, na jiko ni la mwenye kibali. Kibali kikiwa cha mwingine, utarudi kwenu."

Kwao palikuwa na makaburi mawili na mlango uliopigiliwa misumari.

Afisa wa kata, mtoa vibali vya pombe, akasema ataonja kwanza, ndipo aandike jina la mpishi kwenye kibali.

Aikande akaloweka ulezi. Baridi ikashuka, punje zikagoma kuchipua. Akazilaza kitandani upande wa marehemu mumewe, akazifunika blanketi, yeye akajikunja ukingoni. Siku ya tatu zikaota.

Kundaeli akachemsha ndizi mbivu tangu alfajiri mpaka zikawa nyekundu. Kiwanda cha mbao alikoajiriwa kikapiga simu: aje sasa au asije tena. Akaongeza kuni.

Ndizi zilipokaa kuchachuka, Manka akaonja, akatema. "Tamu. Hii ya kubatizia watoto."

Gome la msesewe, linaloipa mbege uchungu, lilikuwa limekwisha. Manka akapanda hadi ukingo wa msitu kulibandua, akakamatwa na walinzi. Fomu ya makosa haikuwa na gome, ilikuwa na magogo tu, kwa hiyo likaandikwa gogo. Alikaa mahabusu siku mbili wakilitafuta gogo. Walipolikosa, wakamwachia yeye na gome lake.

Siku ya kuonja, wapishi wakanywa kwanza kama ilivyo mila, kata ya kunywea ikipita mikono mitatu. Ndipo afisa akanywa moja, akanywa ya pili kwa uhakika, na ya tatu kwa ajili ya faili.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Jina la mpishi?"

"Andika watatu," Aikande akasema.

"Mama, mstari ni mmoja."

"Andika kwa herufi ndogo."

"Herufi ndogo zina fomu yake."

Kundaeli akatazama majivu. "Mimi moto huu umenifukuzisha kazi, shemeji."

"Nami gome limenilaza mahabusu," Manka akasema. "Wifi, nakuonea huruma. Lakini huruma haipiki mbege."

"Sikuomba huruma, wifi. Niliotesha ulezi."

Afisa akafunga kalamu. "Nitarudi kesho. Mkishindwa, nitaandika hakuna mpishi, na pombe isiyo na mpishi humwagwa."

Aikande akaingia chumbani kukunja shuka. Punje moja ilikuwa imesalia upande wa marehemu, imechipua.

Haya, mliosikiliza: ulimi, moto au mkono? Kalamu ingekuwa yako, ungeandika jina la nani? Na kama si la Aikande, ungemwambia akalale wapi?