Mkia wa Sahihi

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi hudhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni mlangoni, apokewe begi na aambiwe karibu kiti. Kumbe methali hii ina meno. Mgeni huja na macho ambayo hayajaizoea nyumba. Ugonjwa ambao wenyeji wameishi nao mpaka wakauona ni sehemu ya samani, yeye huuona siku ya kwanza tu. Binti mmoja aliyesomea sheria alikuja kuujua ukweli huo mbele ya watu arobaini na wawili, mdomo wazi na mate yamemkauka.

Nyumbani walimwita Wakili. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake akiwa na miaka sita, siku alipomtetea paka aliyeiba nyama jikoni, akamtetea mpaka paka akaachiwa huru. Jina likamkaa, naye akalikalia. Alipofika kidato cha tatu alikuwa ameshajitungia sahihi ya kiwakili, yenye mkia unaojizungusha mara tatu kama nge mwenye hasira, kisha unamalizika kwa vitone viwili. Aliifanyia mazoezi kila mahali: kwenye madaftari, kwenye bahasha, na zaidi kwenye mlango wa kabati lake, ambao kwa ndani ulijaa mikia kuanzia juu hadi chini.

Mwaka wake wa pili chuoni alichaguliwa katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Yeye angekwenda kusoma muhula mmoja katika chuo cha nchi nyingine, na mwanafunzi wa sheria wa chuo hicho angekuja kukaa kwao, alale kitanda chake na kula katika sahani yake. Safari ilimfurahisha kupita kiasi. Kitanda ndicho kilichomkera.

"Mama, mtu simjui, hanijui, ndiyo alale chumbani kwangu?"

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele, dirishani, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na mumewe. Sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Wakati huo alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja ndipo akajibu.

"Na wewe si unakwenda kulala kwa watu wasiokujua? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini, mama? Kwani nani anaumwa hapa?"

Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Huko ugenini Wakili aling'ara. Kila Alhamisi asubuhi kulikuwa na kipindi walichokiita kliniki. Mhadhiri alileta jalada la kesi ya kweli, ya mtu asiye na uwezo wa kuajiri mwanasheria, majina yote yamefunikwa kwa wino mweusi, na wanafunzi walitakiwa kuchunguza ugonjwa uko wapi. Mhadhiri mwenyewe alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, ambaye wanafunzi walimwita Nukta kwa sababu hakuiweka chini karatasi yoyote kabla hajafika nukta ya mwisho. Ndani ya wiki sita Wakili alikuwa amejulikana darasa zima. Ulimi wake ulikuwa wembe. Aliwachana wateja, mashahidi, hata mahakimu, na jirani yake wa kiti cha kushoto, kijana aliyeitwa Redio kwa kutonyamaza, alikuwa akimhesabia majeruhi.

Alhamisi ya saba Nukta aliingia na jalada jembamba.

"Leo tuna jalada lililotoka mbali," alisema. "Limeletwa na mwenzenu aliyeko kule kwa mpango wa kubadilishana."

Wakili akamgusa Redio kwa kiwiko. "Huyo ndiye anayelala kitandani kwangu."

"Basi kitanda chako kinatoa elimu," Redio alimnong'oneza. "Ukirudi nikodishie."

Nukta alisoma taratibu. Mteja ni mjane. Miaka minne iliyopita ndugu wa marehemu mumewe alimletea karatasi, akamwambia ni ya kuorodhesha nyumba tu ili isije ikapotea. Mjane akatia sahihi. Kumbe karatasi ilikuwa inamkabidhi huyo ndugu nyumba yote, ukuta hadi bati. Sasa ndugu ametoa notisi mjane ahame. Kesi itasikilizwa Ijumaa ijayo, siku nane tu zimebaki, na akishindwa, atatoka na virago vyake siku hiyohiyo.

"Sheria ya kule inataka mashahidi wawili, tena watu wazima," Nukta aliendelea. "Shahidi mmoja akianguka, karatasi nzima inaanguka. Wa kwanza ni rafiki wa huyo ndugu. Wa pili ameacha sahihi bila jina. Ndugu anadai alikuwa jirani fulani, mtu mzima, ambaye amekwishahama. Haya, nani anaanza?"

Mkono wa Wakili ulikuwa juu kabla ya swali kuisha.

"Mwalimu, mjane namhurumia, alimwamini shemeji yake. Shahidi wa pili ndiye simhurumii hata kidogo. Mtu anaitwa kushuhudia, hasomi, haulizi, anachora tu jina lake kama anasaini mpira. Huyo ni debe tupu. Wa namna hiyo wangekuwa wanaanza kufungwa wao, ndipo matapeli wafuate."

Darasa likacheka. Redio akanong'ona, "Majeruhi wa kwanza."

"Vizuri," alisema Nukta. "Hebu tumtazame huyo debe tupu wako." Akabonyeza kitufe, na karatasi ikatokea ukutani, kubwa kama shuka.

Kwanza Wakili aliona doa la mafuta pembeni, la mviringo, kama yale yanayoachwa na kopo la kulainishia cherehani. Halafu macho yake yakateremka chini, kwenye mstari wa shahidi wa pili. Pale palikuwa na mkia. Ulijizungusha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ukamalizika kwa vitone viwili.

Alijaribu kumeza mate, hakuyapata. Alifumba macho akayafumbua, akiomba mkia ule uwe umeondoka, lakini ulikuwa palepale, mrefu kuliko mkono wake, unamtazama.

Siku ile ikamrudia nzima nzima. Alikuwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza ametoka shule, begi bado mgongoni. Baba mdogo alikuwa barazani na karatasi juu ya goti. "Wakili wetu, njoo hapa. Karatasi ya ukoo ikose sahihi ya wakili, itakuwa karatasi gani?" Akampa kalamu ya wino wa bluu. Wakili alivimba kichwa, akaweka mkia wote, na vitone viwili, kisha akaupuliza wino ukauke vizuri. Hakusoma hata neno moja. Ndani, cherehani ya mama ilikuwa inalia bila wasiwasi.

"We, umeona jini?" Redio aliuliza.

Nukta alikuwa anaendelea. "Mwenzenu ameandika swali moja tu chini ya jalada: shahidi wa pili alikuwa na umri gani siku hiyo? Swali zuri, lakini nani atalijibu? Shahidi hapatikani. Na hata angekuwepo, nani asimame mbele ya watu ajitangaze mjinga?"

Wakili alijua kwamba hakuna hata mtu mmoja pale aliyeijua sahihi yake. Angeweza kunyamaza kama maji mtungini. Angeweza kurudi chumbani, kumaliza muhula, na kupata cheti chenye alama za kuwaringia watu. Alitazama lile doa la mafuta. Akasimama.

"Mwalimu, shahidi anapatikana."

"Yuko wapi?"

"Ni mimi." Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, aliyonishonea huyo mjane. Ni mama yangu."

Redio akaacha kuhesabu majeruhi. Watu arobaini na wawili waligeuka, na miongoni mwao hakucheka hata mmoja. Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Njoo mbele, mwanangu," alisema. "Leo utaandika hati ya kiapo, na utaapa mbele ya mtu anayeruhusiwa kuapisha. Lakini kabla ya kutia sahihi, utasoma mpaka nukta."

Aliisoma mara tatu.

Mchana huo, ngazini, alimpigia simu yule binti aliyelala kitandani kwake, ambaye mtaa mzima ulishamwita Mgeni.

"Umeniua," Wakili alisema.

"Hujafa, unaongea," Mgeni alijibu. "Umekiri?"

"Nimekiri. Wewe ulijuaje kama ni mimi?"

"Dada, kila siku nikifungua kabati natazamana na mikia yako hamsini. Nitaacha kuijua?"

Kisha akamweleza. Siku ya pili tu tangu afike, baba mdogo aliingia na futi ya kupimia, akapima madirisha ya chumba cha mbele, akaandika kwenye kiganja, akatoka. Mama hakusema kitu. Majirani waliokuja kujaribu nguo hawakusema kitu. Nani amuulize mkubwa anapima nini nyumbani kwa marehemu kaka yake? Lakini Mgeni hakujua kwamba jambo lile haliulizwi.

"Nikamwambia, shikamoo baba mdogo, unapima nini? Akasema mapazia. Nikamuuliza, ya nani? Akaniambia mgeni hana maswali. Nikamwambia nasomea sheria, tunapewa alama kwa kuuliza."

Siku chache baadaye, akimsaidia mama kutafuta kifungo, alipindua mkebe wa vifungo, na chini kabisa akaikuta karatasi imekunjwa mara nne, pamoja na notisi.

"Mama alijua sahihi ni yangu?" Wakili aliuliza polepole.

"Aliijua siku ileile nilipoifungua. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, mwanangu akijua ameiuza nyumba ya baba yake kwa mkono wake, hatasoma tena. Heri nihame."

Wakili aliketi kwenye ngazi kama mzigo uliotupwa.

"Kwa hiyo umevunja kiapo."

"Sikukwambia wewe. Niliuliza darasa. Na mama alitia sahihi kwenye fomu ya kliniki mwenyewe. Nilimwambia majina yatafunikwa. Mkia hakuuliza."

Ijumaa ilipofika, Wakili hakuweza kula wala kukaa. Yaliyotokea mahakamani alisimuliwa baadaye na watu watatu, na kila mmoja alianza na mlango. Baba mdogo alikuja na suti na kicheko cha pembeni. Hati ya kiapo iliposomwa na cheti cha kuzaliwa kikatolewa, hakutikisika. Alisema sahihi ile haijui, mtoto anasingiziwa, ni hila za shemeji. Hapo Mgeni alimwomba hakimu ruhusa, na majirani wawili wakaingia wamebeba mlango wa kabati, umeng'olewa na bawaba zake. Hakimu alitazama mlango. Akatazama karatasi. Akahesabu mizunguko kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, na vitone viwili. Kisha akamgeukia baba mdogo na kumuuliza kama huyo jirani aliyehama alihama na kabati la watu. Kicheko cha pembeni kikahamia kwa wengine. Karatasi ikatupwa, na nyumba ikabaki kwa mwenyewe.

Mama alipiga simu jioni hiyo, jua bado halijazama. Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa kimya, jambo ambalo Wakili hakuwahi kulisikia.

"Kabati lako halina mlango," mama alisema. "Mahakama imebaki nao. Na shemeji amesahau futi yake dirishani. Nzuri, ndefu. Napimia sare."

"Mama, ulijua. Ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka umalize mitihani."

"Na nyumba?"

"Nyumba hujengwa nyingine. Wewe ukichanika, nikushone kwa uzi gani?"

Wakili alilia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na mama akamwachia alie bila kumharakisha. Alipoweza kuongea, aliuliza, "Mgeni yuko wapi? Nataka kumshukuru."

"Amelala. Mlango ule ni mzito, na yeye ndiye aliyeung'oa. Yuko kitandani kwako. Nimwamshe?"

Wakili akakikumbuka kile kitanda alichokilalamikia, na swali aliloliuliza siku ile kwa dharau, nani anaumwa hapa. Mgonjwa alikuwa yeye, na nyumba nzima pamoja naye, na hakuna aliyeutaja ugonjwa.

"Mwache alale, mama," alisema. "Kitanda ni chake."

Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.