Ngwali, Aliyeangushwa Harusini

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na mpiga mieleka jina lake Ngwali. Kazi yake ilikuwa kuangushwa.

Mnacheka? Sikilizeni.

Nchi ile, bwana harusi hakupewa mke mpaka aangushe mtu mbele ya wakwe. Wengi walikuwa wembamba kama fito. Basi kwao humwita Ngwali. Ngoma hulia, ti-ti-tindi! Hushikana. Huyumba huku, huyumba kule, kisha Ngwali huenda chini, puu! Vigelegele. Ngwali hupewa mbuzi wake, huyoo, kijiji kingine. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema.

Lakini Ngwali alikuwa na siri. Wakiwa wameshikana, alimnong'oneza kila bwana harusi: "Basi, kijana. Nimechoka. Niachie." Aliyelegeza mikono, Ngwali alikubali kuangushwa naye. Na miaka yote, vijiji vyote, walilegeza.

Hata mvi zikamwota. Akaitwa na Jumbe, mkuu wa nchi, aliyekuwa akimwoza mwanawe Mwinyikombo. Bibi harusi alikuwa Siwema, binti wa mfinyanzi.

"Mzee Ngwali," Jumbe akasema, "mwanangu ana nguvu, ila tusibahatishe. Anguka vizuri, nikupe shamba uzeekee hapa. Usipoanguka, mguu wako usikanyage tena nchi yangu."

"Jumbe, kuanguka ndiyo kazi yangu."

Shamba! Ngwali hakuwa na kwake, na magoti yalimuuma.

Ngoma ikalia, ti-ti-tindi! Mwinyikombo akaingia, kifua mbele.

"Mzee, umeaga kwenu?"

Uwanja ukaangua kicheko. Wakashikana. Huku, kule. Ngwali akanong'ona: "Basi, kijana. Nimechoka. Niachie."

Mikono haikulegea. Ilikaza.

Labda hakusikia. Ngwali akarudia: "Niachie, baba. Nakosa pumzi."

"Utaachwa nikitaka mimi," Mwinyikombo akajibu polepole, huku akiwachekea watu. Akamkaba koo.

Watu wakapiga makofi. Kwao ulikuwa mchezo.

Macho ya Ngwali yakaanza kuingia giza. Akamwona Siwema mkekani, kati ya mashangazi zake, ameinamisha kichwa. Leo shingo yangu, akawaza, kesho ya binti huyu. Akaliwaza na shamba. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe, maana ndivyo yalivyozoea.

Ngwali akayanyoosha.

Akapenyeza bega chini ya kwapa. Akazungusha kiuno. Puu! Vumbi, tifu! Mwinyikombo mgongo chini.

Ngoma ikanyamaza.

Jumbe akasimama. "Ngwali! Umefanya nini?"

"Nilimwomba aniachie, Jumbe. Nikamwomba tena."

"Na hata kama aliomba!" Mwinyikombo akafoka, akitema mchanga. "Mtu akiomba, si ndiyo unamkaza?"

Uwanja mzima ulisikia.

Mfinyanzi akamtazama Jumbe. Akamtazama Mwinyikombo. Akamgeukia mkewe.

"Mama Siwema, kunja mkeka."

Siwema alikuwa ameshasimama.

Jua halijapita utosini, Ngwali alikuwa amefukuzwa, hana mbuzi, hana shamba. Akaenda akichechemea, hajui atakula wapi. Alipokaribia kijiji cha pili, habari zilikuwa zimemtangulia. Mama mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye Ngwali?"

"Ndimi, mama."

"Binti yangu anaolewa mwezi ukiandama. Upande wa mume wamekwisha tafuta mtu wa kuangushwa. Nimemkataa. Nakutaka wewe, na ninakuita mimi."

"Na nikimwangusha mkweo?"

"Ndiyo maana nakuita. Ingia ndani, ule."

Basi, wanangu, mkitaka kumjua mtu, mtazameni anapoombwa aache.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia aichukue aende nayo kwao, aliyesinzia akamuulize jirani.